Kichina kina faida gani kama mkalimani yupo?

Ndugu, kwa mtu anayefuata mzigo Guangzhou au Yiwu, miji ya biashara huko China, faida kubwa iko kwenye bei. Mkalimani unamlipa wewe, na mara nyingi duka nalo humpa kamisheni. Hiyo kamisheni unaibeba wewe ndani ya bei. Halafu kuna 1688.com, soko la jumla la Wachina wenyewe: limeandikwa Kichina, na bidhaa ileile mara nyingi iko chini kuliko Alibaba.

Anza na namba kabla ya salamu. Wachina huhesabu kwa makumi elfu (wàn), kwa hiyo 150,000 kwao ni "15 wàn". Ukisikia 15 ukaandika 15,000, oda imeharibika. Nne (sì) na kumi (shí) nazo huchanganya masikio, tena Wachina wa kusini wengi huzitamka karibu sawa, wakitofautisha kwa toni tu, yaani sauti kupanda au kushuka. Hakikisha kwa vidole au kikokotoo. Toni usizipuuze: mǎi ni kununua, mài ni kuuza, na toni iliyozoeleka vibaya ni ngumu kunyooka baadaye.

Kuandika kwa mkono achana nako kwa sasa. Kwenye WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, unachapa pinyin (Kichina kwa herufi za Kilatini), unachagua herufi ya Kichina. Ngazi ya 3 ya HSK (mtihani wa Kichina kwa wageni) ya mfumo wa zamani, maneno 600 hivi, inatosha kupatana bei. Anayetaka kusoma shahada kwa Kichina kawaida huanzia HSK 4. Kwa Dar, Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.