Barua kwa mwanangu kuhusu mkufu wa miiba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba picha moja imekukalia moyoni kiasi hicho. Umeniuliza iwapo Frida Kahlo, yule mchoraji wa Meksiko, katika picha aliyojichora mwaka 1940 akiwa na mkufu wa miiba, ana huzuni au ana hasira, kwa kuwa uso wake haukukuambia lolote.

Naamini uso huo umenyamazishwa kwa makusudi. Tazama mdomo uliofumbwa na macho makavu yanayoelekea mbele, kisha ushushe macho hadi shingoni, ambako miiba imechoma ngozi na matone ya damu yanachuruzika, ilhali mwenyewe hata hajakunja uso. Hisia ya picha imo katika kutopatana huko kwa uso na shingo. Mimi ningeiita ustahimilivu wenye uchungu mwingi.

Hayo ukishayaona, ndipo uziendee alama. Kwenye mkufu ananing'inia ndege mvumaji, yule mdogo wa Amerika anayefanana na ndege chozi wa kwetu, naye amekufa. Huko Meksiko ndege huyo alitumiwa kama hirizi ya mapenzi, na Kahlo alikuwa ametalikiana na mumewe, mchoraji Diego Rivera, mwishoni mwa mwaka 1939. Wapo wanaomhusisha ndege huyo na Huitzilopochtli, mungu wa vita wa Waazteki, watu wa kale wa Meksiko. Siwapingi, ila talaka naiona iko karibu zaidi. Miiba nayo inakumbusha taji la Yesu, tena juu ya mwili ambao ajali ya basi ya mwaka 1925 ilikuwa imeuvunja uti wa mgongo. Vipepeo vya kichwani wengi huvisoma kuwa ufufuko, nami sina la kuongeza.

Ninayemrudia kila mara ni kima aliye nyuma ya bega. Paka mweusi wa upande wa pili nia yake haijifichi, kwani anamvizia ndege. Kima yeye ameinama kwa utulivu, vidole vyake vikichezea miiba, na kila anapoivuta yaelekea inazama zaidi. Husimuliwa kwamba Rivera ndiye aliyempa Kahlo kima wa kufuga. Ikiwa ndivyo, anayemuumiza hapa ni kiumbe anayempenda, asiyejua anachokifanya; na kwa kuwa wawili hao walioana tena Desemba ya mwaka huohuo, siwezi kukubali kwamba picha hii ni ya hasira.

Ni mimi,
Mama yako