Nina meneja, lakini simu zote bado zinapigwa kwangu

Swali: Habari za kazi. Nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, wafanyakazi 17. Miezi minane iliyopita niliajiri meneja mwenye uzoefu ili nami nipate nafasi ya kushughulikia ghala jipya. Hadi leo wafanyakazi wananipigia mimi: bei, mkopo wa fundi, ruhusa ya msiba, kila kitu. Meneja naye amepoa, anasubiri nimwambie la kufanya. Duka la pili linasimamiwa na mdogo wangu, na hawa wawili hawaelewani. Je, nimwondoe meneja, au kuna jambo sijaliweka sawa? Na nimpe madaraka kiasi gani bila kuhatarisha mtaji?

Jibu: Ndugu msomaji, usimwondoe bado. Kwa maelezo yako, meneja wako ana cheo na anabeba lawama, ila mamlaka umebaki nayo wewe. Na wafanyakazi hawajakosea kukupigia, kwa sababu kila wakipiga wanapata jibu.

Fuatilia tukio moja tu hatua kwa hatua. Saa nne asubuhi fundi mnayefahamiana anakupigia, anataka bati 20 kwa mkopo. Unakubali, unampigia mtunza stoo wa duka la kwanza, mzigo unapakiwa. Meneja hajui. Jioni hesabu ya stoo inaonyesha upungufu wa bati 20, keshia hana risiti, na mtunza stoo anajibu kwa kujiamini kabisa: "Bosi ndiye aliyesema." Meneja hawezi kumhoji bosi, kwa hiyo ananyamaza. Kesho yake mtunza stoo huyo huyo akitoa mzigo bila karatasi kwa mtu mwingine, naye akatumia jina lako, meneja atajuaje kama ni kweli? Hapo ndipo mali huanza kupotea. Meneja anayekutwa na hali hiyo mara kwa mara huamua kukaa kimya hadi aambiwe, na huko ndiko kupoa unakokuona.

Henri Fayol, mhandisi wa migodi Mfaransa aliyeongoza kampuni ya makaa ya mawe na chuma kuanzia 1888 hadi 1918, aliandika kanuni 14 za uongozi mwaka 1916. Mbili kati yake zinakuhusu moja kwa moja: mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja, na mamlaka yaende sambamba na wajibu. Zimepita zaidi ya miaka 100, na bado hizo mbili ndizo zinazovunjwa zaidi katika biashara ambazo mwenye mali anafika dukani kila siku.

Anza na mipaka ya maamuzi, iandikwe kwenye ukurasa mmoja. Gawa maamuzi katika mafungu matatu: yale meneja anayoamua peke yake, yale anayoamua kisha anakuarifu siku hiyo hiyo, na yale ambayo lazima akuulize kwanza. Weka kiasi cha fedha kwenye kila jambo. Maneno kama "atumie busara" hayasaidii, maana busara yake na yako zikitofautiana hamna pa kurejea.

Kwenye punguzo la bei, usiweke asilimia moja kwa bidhaa zote. Hapa wengi wanaumia bila kujua. Tuseme mfuko wa saruji umeununua kwa 16,000 na unauza 16,700. Punguzo la asilimia 3 ni takribani shilingi 500, na faida yako yote ilikuwa 700. Koki uliyoinunua kwa 8,000 na kuiuza 12,000, punguzo la asilimia hiyo hiyo ni 360 tu katika faida ya 4,000. Kwa hiyo pima punguzo kwa faida: meneja aruhusiwe kuachia hadi theluthi moja ya faida ya bidhaa husika, msimamizi wa duka hadi robo, na zaidi ya theluthi uulizwe wewe. Wauzaji wasifanye hesabu hiyo mbele ya mteja. Wape orodha yenye bei ya kawaida na bei ya mwisho, na irekebishwe kila gharama ya manunuzi inapobadilika.

Kwenye manunuzi, bidhaa za kila siku kama saruji, nondo, misumari na rangi, meneja aagize mwenyewe hadi thamani ya mauzo ya wiki moja ya duka linaloagiziwa. Bidhaa mpya ambayo hamjawahi kuuza, akuulize. Kikomo kihesabiwe kwa kila msambazaji kwa wiki. Ukikiweka kwa kila ankara, mzigo wa milioni 9 utagawanywa kuwa ankara tatu za milioni 3 na hakuna atakayekuwa amevunja kanuni. Anayeagiza asiwe anayepokea, na anayepokea asiwe anayelipa. Kwa watu 17 jambo hili linawezekana bila kuajiri mtu mwingine: meneja anaagiza, mtunza stoo anapokea na kusaini hati ya kupokelea mzigo, mhasibu analipa baada ya kulinganisha oda, hati hiyo na ankara.

Mikopo ya mafundi ndiyo inayoua maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa hiyo iwe ya mwisho kukabidhiwa, baada ya mwezi mmoja wa mengine kwenda vizuri. Weka vikomo viwili: cha mteja mmoja, mfano shilingi 400,000, na cha duka zima, mfano milioni 3. Aliye na deni la zamani hapati jipya. Deni likipita siku 30 liandikwe kwa jina kwenye taarifa ya wiki. Na vikomo hivyo vikubane na wewe pia. Ukitaka kumkopesha rafiki, mwambie meneja aandike, mzigo utoke kwa karatasi kama wa mteja mwingine yeyote.

Sasa hiyo simu, maana bila kuirekebisha karatasi yote hiyo ni bure. Mfanyakazi akipiga kuhusu jambo lililo ndani ya mamlaka ya meneja, usitoe jibu hata kama unalijua. Muulize, "Meneja amesemaje?" Akisema hajamwambia, mrudishe kwake. Akisema meneja amekataa, mwambie utazungumza na meneja, kisha uzungumze naye faraghani. Ukitengua uamuzi wake, yeye mwenyewe ndiye awatangazie wafanyakazi. Wiki mbili za mwanzo zitakuwa ngumu, wengine watasema umejitenga. Vumilia. Ukijibu simu moja kati ya kumi, watapiga zote kumi wakitafuta hiyo moja. Acha mlango wazi kwa mambo mawili tu: wizi na unyanyasaji, hasa pale anayelalamikiwa ni meneja mwenyewe. Hayo mfanyakazi alete kwako moja kwa moja, na wote waambiwe hivyo.

Tahadhari nyingine: mstari wa amri, yaani nani anamwagiza nani, usigeuke kizuizi cha kazi. Duka la tatu likiishiwa nondo za milimita 12 na la kwanza linazo, wasimamizi wawili wapigiane wenyewe, mzigo uhamishwe kwa hati yenye saini mbili, na meneja apate nakala siku hiyo. Fayol mwenyewe aliruhusu njia hiyo ya mkato kati ya watu wa ngazi moja, mradi wakubwa wao wawe wamekubali na wanaarifiwa.

Mhasibu mwache awajibike kwako. Kazi za kila siku anaweza kupangiwa na meneja, lakini hesabu za mwezi na matokeo ya kuhesabu stoo yaje mezani kwako bila kupita kwa mtu. Meneja hatakiwi kumsimamia anayemkagua, na hili liandikwe ili asilione kama dharau. Kila wiki zihesabiwe bidhaa 15 zinazotoka sana, na anayehesabu atoke duka jingine. Stoo nzima kila baada ya miezi mitatu. Mfuko uliopasuka uandikwe siku ulipopasuka. Ukisubiri mwisho wa mwezi, kila upungufu utaitwa mfuko uliopasuka.

Mdogo wako. Najua hili ni gumu kuliko yote niliyoandika. Akibaki msimamizi wa duka, kazini mkubwa wake ni meneja, na hilo alisikie kutoka kwako mbele ya meneja. Mambo ya duka yakianza kuzungumzwa nyumbani wakati wa chakula, wasimamizi wengine wawili watajua ndani ya wiki moja, na meneja hatathubutu tena kumwandikia onyo. Kama ni mbia mwenye hisa, basi mtoe kwenye usimamizi wa duka, mpe eneo lake kamili, mfano hilo ghala jipya, liwe mbali na mstari wa meneja. Kumwacha katikati, nusu mfanyakazi nusu bosi, kutakugharimu meneja huyu na anayefuata.

Nidhamu nayo igawanywe. Onyo la mdomo na la maandishi litolewe na meneja. Ruhusa pia, na ya msiba wa jamaa wa karibu tayari iko kwenye sheria. Kufukuza kazi kusiwe uamuzi wa mtu mmoja aliyekasirika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki, na kanuni zake za 2007 zinataka mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kikao cha nidhamu, kikao kinachoongozwa na kiongozi ambaye hakuhusika na tukio. Ukiwa wewe ndiye mlalamikaji, usikae kiti cha mwenyekiti.

Utaratibu huo huo unamlinda meneja. Mpe miezi mitatu yenye mipaka hii kamili, kisha mpime kwa vitu vinne: upungufu wa stoo, madeni yaliyopita siku 30, faida ghafi (mauzo ukitoa gharama ya kununulia bidhaa) ya kila duka, na mara ngapi bidhaa zinazotoka sana zimeisha kabla ya mzigo mpya. Akikosea akiwa ndani ya mipaka, mrekebishe na umwachie mamlaka yake, kwani ukiyachukua kwa kosa la kwanza utakuwa umerudi ulipoanzia. Akivuka mpaka kwa makusudi, hilo ni la nidhamu. Na kama miezi mitatu itapita simu zimekoma kweli lakini namba hizo nne hazijasogea, hapo ndipo swali lako la kumwondoa litakuwa na msingi.