Maswali na Majibu: Dereva Anaona Mita Ngapi Mbele?

SWALI: Ndugu Mhariri, tumepima barabara kuu kusini mwa Dodoma kwa skana ya leza iliyofungwa juu ya gari. Programu inatoa mita 190 za kuona mbele kwenye kona moja, lakini madereva wanasema hapaonekani. Tumekosea wapi? – Mpimaji, Dodoma

JIBU: Angalieni kwanza mliskani mwezi gani. Huku mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mwezi Septemba vichaka vimepukutika na nyasi zimeungua, kwa hiyo leza inapenya mahali ambapo Machi pamefungwa na majani. Hesabu yenu inaweza kuwa sahihi kabisa, ila ni ya kiangazi. Kwa usalama wa watu, skanini mwishoni mwa masika.

Kisha tafuteni matundu kwenye data. Gari la skana likipishana na lori, lori huficha ukingo wa mlima uliokatwa. Hapo hapana nukta hata moja (alama ambayo leza huweka inapogonga kitu), na programu husoma tundu hilo kama uwazi. Unganisheni data ya kwenda na ya kurudi. Tundu lisilozibika liandikwe "hapajapimwa", lisihesabiwe kuwa panaonekana.

Upimaji wenyewe: ondoeni nukta za magari yanayotembea na za vumbi. Chora mstari wa katikati ya njia ya gari, kila upande kivyake. Kila mita 5 weka jicho la dereva kwenye kimo cha mita 1.08, na mbele yake, kwenye njia hiyohiyo, weka lengo (kitu anachopaswa kukiona) lenye kimo cha mita 0.60. Vimo hivi ni vya AASHTO, chama cha Marekani kinachotoa miongozo ya barabara, na mkataba ukitaja mwongozo mwingine, fuateni wake. Sogeza lengo mbele mpaka lizibwe mara ya kwanza, usome umbali kwa kufuata barabara. Kwenye bonde lengo hupotea na kuibuka tena mbele; ukichukua pale linapoibuka, umeficha hatari yenyewe.

Msitumie modeli ya uso (yenye kimo kimoja tu kwa kila mahali) peke yake. Tawi la mbuyu lililo juu ya barabara hugeuzwa ukuta mpaka kwenye lami, na umbali unapungua bila sababu. Pimeni kwa nukta zenyewe.

SWALI: Naweza kuhakiki kona bila programu? – Fundi sanifu, Manyoni

JIBU: Ndiyo. Kwa kilomita 80 kwa saa, kusimama kwenye tambarare kunahitaji mita 130. Kwenye mteremko wa asilimia 6, mita 144. Zidisha umbali huo kwa wenyewe, ugawe kwa mara 8 ya nusu kipenyo cha kona, upate uwazi unaohitajika upande wa ndani. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 250 kwenye tambarare inataka uwazi wa karibu mita 8.5 kutoka katikati ya njia ya ndani. Sisi tunaendesha kushoto, hivyo kona ya kushoto ndiyo inayobana zaidi.

Halafu nenda barabarani na mwenzako, fimbo mbili zilizotiwa alama za vimo vile viwili, na gurudumu la kupimia, mpime ni umbali gani alama ya lengo inaonekana kutoka alama ya jicho. Vaeni viakisi mwanga.

SWALI: Data yetu ya kuelekea Kongwa imekatika vipande viwili vilivyoachana mbali. – Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Longitudo ya 36 inapita kama kilomita 30 mashariki ya jiji la Dodoma, na hapo kanda ya UTM (mfumo wa ramani unaogawa dunia katika kanda) hubadilika kutoka 36 kwenda 37. Geuzeni data yote iwe ya kanda moja kabla ya kuunganisha.