Muulize Nesi: Nimefeli NCLEX, nisome nini tena?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni nesi, nimefanya kazi Tanzania miaka sita wodi ya upasuaji, sasa niko Houston na mume wangu, usiku nafanya usaidizi kwenye nyumba ya wazee. Mwezi uliopita nilifanya NCLEX, ule mtihani wa leseni ya unesi Marekani, kompyuta ikanipeleka mpaka swali la 150 ndo ikazima, nikafeli. Wenzangu wanasema ikizima kwenye 85 ndo umepita. Vitabu nimemaliza vyote, sasa nisome nini tena?
Nesi aliyechoka, Houston

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mi mwenyewe mara ya kwanza nilifeli, yale machozi ya kwenye pakingi nayajua.

Hilo la 85 achana nalo. 85 ni idadi ya chini ya maswali na 150 ya juu, mashine inaacha ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kufaulu au chini yake, kwa hiyo wapo wanaozimiwa kwenye 85 na wamefeli vibaya. We kufika 150 maana yake ulikuwa unaelea palepale mstarini mpaka maswali yakaisha. Hauko mbali na kufaulu. Chukua ile ripoti wanayopewa waliofeli, inaonyesha kila eneo ulikuwa juu, karibu au chini ya kiwango, anza na yale ya chini.

Ila vitabu weka pembeni kwanza, maana sisi tuliotoka wodi za nyumbani tunafelishwa na mazoea. Kule uko peke yako zamu ya usiku na wagonjwa arobaini, glavu unahesabu, unajiongeza. Kwenye mtihani kila kitu kipo na kila mtu yupo, usijibu kama uko wodi yako. Alafu we una mtego wa pili: sasa hivi ni msaidizi, ukiona kitu kimebadilika unaita nesi. Kwenye mtihani nesi ndo wewe! Mpime mgonjwa kwanza, na kupima, kufundisha na kutathmini usimgawie msaidizi hata siku moja.

Chukua swali kama hili. Wagonjwa wanne, unaanza na nani: wa COPD (ugonjwa sugu wa mapafu) oksijeni asilimia 90, aliyevunjika mguu analia maumivu nane kwa kumi, anayeruhusiwa leo anataka maelekezo ya dawa, na aliyetolewa tezi ya shingo jana anasema midomo inamchonyota. Najua moyo wako unaenda kwa anayelia, wangu ulienda hukohuko. Lakini 90 kwa COPD ni kawaida yake, mguu uliovunjika unauma ndo kawaida yake, na huyo wa kuchonyota kalsiamu inashuka, koo linaweza kubana akakosa hewa, ndo wa kwanza. Ukishajibu soma maelezo ya majibu yote manne, hata kama umepata, mi maswali hamsini kwa siku yalikuwa yananila masaa matatu, na zaidi ya nusu ya muda huo ni kusoma maelezo tu.

Majina ya dawa nayo yanatupiga chenga. Paracetamol kwao ni acetaminophen, adrenaline ni epinephrine, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine. Joto ni Fahrenheit, 38 yetu ni 100.4 yao. Andika bandika kwenye friji.

Na yale ya kuchagua yote yanayofaa, tangu Aprili 2023 unapata maksi kwa kila ulilopatia, lakini ukitiki lisilofaa linakula moja, haliwezi kukushusha chini ya sifuri. Kwa hiyo usitiki kwa kubahatisha.

Kurudia ni baada ya siku 45, mi ningejipa miezi miwili au mitatu kwa vile unafanya kazi usiku. Ukitoka kazini asubuhi lala kwanza, usifungue maswali na macho mekundu utapata arobaini kwa mia ulie bure. Fanya ukiamka.

Na jina. Unapojisajili upya hakikisha linafanana na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi, hasa kama siku hizi unatumia la mume, maana wakiona tofauti mlangoni wanakurudisha na hela imeenda.