Modeli au kielelezo? Na huo "usalama wa chakula" mnaouandika kila siku

Msomaji anatafsiri ripoti ya wachumi wanaokadiria mavuno na bei za vyakula duniani kwa miaka kumi mbele. Kaandika "modeli inaonyesha usalama wa chakula utashuka", mwenzake kamwambia modeli sio Kiswahili, weka kielelezo. Nani kapatia?

Ndugu yangu, modeli iache ilivyo. Asili yake Kilatini, modulus, kipimo kidogo, imefika kwetu kupitia Kiingereza na imeshazoeleka. Kielelezo watu wanajua ni mchoro au mfano wa kuelezea jambo, lakini IMPACT ya IFPRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula, au Aglink-Cosimo wanayotumia OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ni rundo la milinganyo inayopiga hesabu: watu wakiongezeka mahitaji yanapanda, bei inapanda, mkulima analima zaidi, mlaji anapunguza, mpaka kinachozalishwa kilingane na kinachotakiwa. Hiyo ni modeli, basi.

Sasa mmebishana wee juu ya modeli mkaliruka kosa lenyewe! Huo "usalama wa chakula" hapo umefuata nini? Usalama ni kutodhuru. Chukua ghala limejaa mahindi hadi mlangoni, bei imeshuka, kila mtu anaweza kununua, ila mahindi yameota ukungu yana sumukuvu, ile inayoharibu ini na hata ukichemsha ugali wako haiishi. Chakula kipo tele na usalama hakuna. Geuza: mahindi yaleyale sasa ni makavu, safi, yamepimwa yakapita, lakini bei imepanda mara mbili na mama anasimama mbele ya gunia hana hela. Usalama upo asilimia mia, na watoto wanalala njaa. Alichokosa huyu mama ni UHAKIKA wa chakula, Waingereza wanaita food security, na hicho ndo modeli inakihesabu, kwa sababu milinganyo yake inajua tani na bei, ukungu wa ghalani haiuoni kabisa.

Na msiniambie ni neno tu. Mkutano wa Chakula Duniani, Roma 1996, ulisema uhakika wa chakula upo pale watu wote wakati wote wanapoweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Salama imo ndani kama sharti mojawapo, sasa ukiliita lote usalama unapata "usalama wa chakula ni kupata chakula salama", sentensi inayojizungusha yenyewe na waliokosa hela wamepotea humo.

Najua mpaka nyaraka za serikali zinaandika hivyo, nimesharekebisha mpaka mkono umechoka na bado narekebisha, maana anayesoma "usalama" anatuma mkaguzi wa maabara mahali palipohitaji nafaka.

Halafu huko mbele umeandika "utabiri wa modeli". Weka makadirio, modeli inapiga hesabu, haipigi ramli.

Sentensi yako iwe hivi: modeli inaonyesha uhakika wa chakula utapungua.