Oda ya uhamisho imetoka na mtoto ana IEP: majibu kwa wazazi walio jeshini Marekani

Msimu wa uhamisho ukikaribia, barua huwa nyingi kutoka kwa wasomaji wanaotumikia jeshi la Marekani au walioolewa na wanajeshi. Safari hii nimechagua za wazazi wenye watoto wenye mahitaji maalum. Kwa wageni wa jambo hili: IEP ni mpango wa maandishi ambao shule ya umma humwandalia mtoto mwenye ulemavu chini ya sheria ya shirikisho iitwayo IDEA. Unataja malengo yake, huduma atakazopata na muda wa kila huduma.

Tumehama kutoka Texas hadi jimbo la Washington katikati ya mwaka wa shule. Mwanangu wa miaka 7 ana usonji. Alikuwa na tiba ya matamshi na msaidizi darasani. Shule mpya inasema itamfanyia tathmini yake kwanza, huduma zitafuata. Ni sawa?

Si sawa, mama. Kumtathmini wanaruhusiwa. Kumwacha akae bure wakati tathmini inaendelea hawaruhusiwi. IDEA inasema mtoto mwenye IEP akihama jimbo ndani ya mwaka uleule wa shule, wilaya mpya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo hilo, ishauriane na wazazi na impe huduma zinazolingana na za IEP aliyokuja nayo. Zinaendelea mpaka wamalize tathmini, kama wanaona inahitajika, na IEP mpya iandikwe. Upo pia mkataba wa majimbo unaohusu watoto wa wanajeshi, uliopitishwa na majimbo yote 50, na wenyewe unasema hivyohivyo.

Fungua IEP ya Texas kwenye ukurasa wa huduma. Kama imeandikwa tiba ya matamshi dakika 30 mara 2 kwa wiki, na hapo wanakupa dakika 30 kwa mwezi, hizo hazilingani hata kidogo. Kisha andika barua pepe leo hii kwa mwalimu mkuu na kwa ofisi ya elimu maalum ya wilaya: "Mwanangu ana IEP halali kutoka Texas, nimeiambatisha. Naomba mnijulishe kwa maandishi huduma zinazolingana mtakazompa, na tarehe ya kuanza." Usiridhike na maneno ya mapokezi. Wakikataa, sheria inawataka wakupe taarifa ya maandishi yenye sababu, na ukiidai hiyo taarifa, mara nyingi mazungumzo hubadilika.

Tayari tumeandikishwa EFMP. Shule mpya si itakuwa na taarifa zote?

Hapana, na wengi hukwama hapa. EFMP ni programu ya jeshi: inaangalia kama kule mnakopangiwa kuna huduma anazohitaji mwanafamilia. Haimwandikishi mtoto shuleni wala haifanyi kazi ya IEP. Wa kumtafuta ni ofisa wa kambi anayeunganisha familia na shule, anayeitwa School Liaison. Mwandikie yule wa kambi mpya mara tu oda ikitoka, kabla hamjafunga mizigo.

Nibebe karatasi gani?

IEP ya sasa, ripoti ya tathmini ya mwisho, ripoti za maendeleo, kumbukumbu za chanjo, cheti cha kuzaliwa na nakala ya oda. Zikae kwenye begi lako la mkononi, zisipande lori la mizigo. Kwa mkataba niliotaja, shule mpya inatakiwa kumpokea mtoto kwa nakala ulizobeba, shule ya zamani ina siku 10 za kutuma kumbukumbu rasmi baada ya kuombwa, na chanjo zilizopungua mna siku 30 za kuzipata.

Mimi naongeza ukurasa mmoja ulioandika wewe mzazi: anavyoomba kwenda chooni, kelele zinazomtisha, kinachomtuliza akianza kulia. Mwalimu wa darasa ataushika huo siku ya kwanza, kabla hajapata nafasi ya kusoma IEP nzima.

Tunahama Julai, shule zimefungwa.

Andikisheni mapema tu. Ofisi za wilaya nyingi hufanya kazi kiangazi. Wilaya inatakiwa kuwa na IEP ya mtoto tayari mwaka wa shule unapoanza. Na kama IEP yake inataja huduma za kiangazi, ziombeni wilaya mpya kwa jina; Wizara ya Elimu ya Marekani imeshaeleza kwamba nazo ni sehemu ya huduma zinazolingana.

Binti yangu alikuwa katikati ya tathmini tulipohama. Tunaanza upya?

Msianze upya. Wilaya mbili zinatakiwa kushirikiana ili tathmini imalizike haraka. Wizara imezihimiza wilaya ziharakishe kwa watoto wanaohamahama, ndani ya siku 30 inapowezekana. Omba ripoti za vipimo vilivyokwisha kufanyika, hata kama bado ni rasimu.

Nyumbani tunaongea Kiswahili. Mwalimu mpya anasema mtoto wangu hana shida, ni Kiingereza tu, tusubiri mwaka mmoja. Nami kwenye vikao naelewa nusu.

Barua hii imeniuma, kwa sababu mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka 5 ni mwingi mno. Sheria inakataza mtoto kuhesabiwa ana ulemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza vizuri, na hilo ni jema. Lakini kutojua Kiingereza si sababu ya kumnyima tathmini mtoto anayeonekana kuwa na shida. Jiulize: je, kwa Kiswahili anaongea kama wenzake wa umri wake? Anafuata maelekezo ya bibi kwenye simu? Anasimulia kilichotokea jana? Kama hata kwa Kiswahili anakwama, liandike hilo kwa mifano na uombe tathmini kwa maandishi. Vipimo vinatakiwa vifanywe kwa lugha itakayoonyesha uwezo wake wa kweli, labda iwe haiwezekani kabisa.

Nawe una haki ya mkalimani kwenye kikao cha IEP, bila malipo. Omba mapema, taja Kiswahili na useme cha wapi, maana mkalimani aliyezoea cha Bukavu na mama wa Tanga wanaweza kupishana palepale panapohitaji umakini. Usimtumie mtoto mkubwa kutafsiri habari za mdogo wake. Na usitie saini usichokielewa. Chukua nakala, nenda nayo nyumbani.

Mume wangu yuko nje ya nchi kikazi na mimi naitwa pia. Shangazi yake atabaki na mtoto. Anaweza kumwandikisha shule?

Anaweza, akiwa na hati maalum ya uwakilishi. Ofisi ya sheria ya kambi huiandaa bure. Hakikisha inataja wazi kuandikisha shule na kutoa ridhaa za elimu.

Tumeandika, tumeongea, bado wamegoma.

Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha kuwasaidia wazazi wa watoto wenye ulemavu, kwa fedha za shirikisho; anzieni huko. Usuluhishi kupitia jimbo ni bure kwenu. Mnaweza pia kupeleka malalamiko ya maandishi kwenye idara ya elimu ya jimbo, ndani ya mwaka mmoja tangu kosa litokee, na kwa kawaida jimbo linatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Hamhitaji wakili. Ambatisheni IEP ya zamani, barua pepe zenu zote, na orodha ya wiki ambazo mtoto hakupata huduma, kwa sababu mnaweza kudai afidiwe.