Maintani, shikeni mguu mpaka gotini kabla ya kujaza fomu ya eksirei

Wadogo zangu mnaoanza zamu za kazualiti, juzi tena nimekuta fomu ya eksirei ya mtu aliyeumia kifundo cha mguu imeshajazwa, na mgonjwa hata soksi hajavuliwa. Nawapenda, ila hili linanichosha, kwa hiyo naandika.

1. Vua soksi miguu yote miwili, linganisha. Kanuni za Ottawa (za kuamua nani apigwe picha ya kifundo) mnazikariri kwa mtihani mkifika kwa mgonjwa mnazisahau: bonyeza ukingo wa nyuma wa nundu ya nje na ya ndani ya kifundo, sentimita 6 za chini mpaka kwenye ncha, kisha uone kama anaweza kupiga hatua 4. Mwenye kisukari aliyeshakufa ganzi akisema haumi, piga picha tu.

2. Panda mpaka gotini. Hapa ndo nachemka. Kuna mgonjwa alikuja kajipinda mguu, kavimba upande wa ndani, dogo akaomba picha ya kifundo peke yake, kweli haikuonyesha ufa, akaandika kateguka, bandeji, dawa za maumivu, nenda nyumbani. Wiki kadhaa mbele karudi bado anachechemea, ndo mtu akambonyeza shingo ya fibula (mfupa mwembamba wa upande wa nje) chini ya goti, akaruka kitandani. Hiyo ndo frakcha (mvunjiko) ya Maisonneuve. Mfaransa wa watu kaieleza toka 1840 na bado inatupita, kwa sababu ile nguvu ya kujipinda inachana ligamenti za ndani, inapanda katikati ya tibia (mfupa mkubwa wa muundi) na fibula, inakuja kuvunja huko juu ambako picha ya kifundo haifiki. Na ile picha ya kwanza ukiitazama vizuri, nafasi kati ya talasi (mfupa wa kifundo unaokaa chini ya tibia) na nundu ya ndani ilishazidi milimita 4, hakuna aliyepima! Talasi ikisogea nje milimita 1 tu, majaribio ya 1976 yalionyesha eneo la mgusano linapungua asilimia 42, sasa hiyo jointi itaacha vipi kulika? Ikabidi afunguliwe, kovu likwanguliwe kwanza ndo skrubu ziingie, mateso ambayo vidole viwili vya daktari vingemwepusha nayo siku ya kwanza.

3. Picha ni tatu: mbele, ubavu, na motisi (inayoonyesha nafasi ya talasi pande zote) mguu ukiwa umezungushwa ndani digrii 15 hadi 20.

4. Kifundo kimechomoka, ngozi imevutika imekuwa nyeupe? Usisubiri eksirei. Mpe dawa ya maumivu, kirudishe, pima mapigo na hisia kabla na baada. Hiyo ngozi ikifa, ortho (daktari wa mifupa) hana pa kupitisha kisu. Kama mfupa umetoboa nje, antibayotiki ndani ya saa 1, na sindano ya pepopunda msisahau.

5. Siku za mwanzo ni plasta nusu, kifundo digrii 90, mguu juu ya mito. Maumivu yakizidi baada ya plasta, fungua mpaka uione ngozi, usiongeze dozi ukaenda kulala. Na anayeruhusiwa aambiwe wazi wazi, vidole vikibadilika rangi au vikifa ganzi arudi usiku huohuo, asingoje tarehe ya kliniki.